Sabuni imebaki stoo, mkuu wa shule amekasirika

Wasomaji wangu, tangu Elimu ya Biashara iwe somo la lazima kwa wanafunzi wa mkondo wa jumla, yaani wasiosomea mafunzo ya amali, walioanza kidato cha kwanza Januari 2025, barua za walimu na wazazi kuhusu ujasiriamali shuleni hazikatiki. Mwezi huu nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika ameumia, na kwa sababu kosa lake nimeliona katika shule nyingi mno.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu kijana, mwaka wa pili kazini, shule ya kata wilayani Muheza. Nafundisha Elimu ya Biashara kidato cha pili, mikondo miwili, mmoja una wanafunzi 74 na mwingine 71. Niliona wanakariri maana ya mjasiriamali kwa Kiingereza bila kuelewa, nikaamua tufanye kwa vitendo. Nilimlipa mtu wa kutufundisha kutengeneza sabuni ya maji shilingi 60,000 kutoka mfukoni mwangu, na malighafi zikala 38,000. Tulipata lita 40. Tumeuza lita 9 tu, kwa 1,500 kila lita, nyingi kwa walimu wenzangu. Zilizobaki ziko stoo na zimeanza kujitenga. Mkuu wa shule amesema hataki tena kusikia habari za biashara shuleni kwake. Wanafunzi wamevunjika moyo, na mimi pia. Je, nirudi kwenye chaki na ubao?
*Mwalimu, Muheza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa hasara na pole kwa maneno ya mkuu. Usirudi kwenye chaki peke yake. Ulichokitaka ni sahihi, ila ulianzia katikati.

Nchi hii ukitaja semina ya ujasiriamali, iwe ya kina mama wa kanisani, ya vijana wa kata au ya wanafunzi, ndoo inaletwa, dawa za sabuni zinamiminwa, salfoniki kisha slesi, inafuata chumvi, rangi, manukato, mwiko unazunguka, picha zinapigwa, watu wanarudi nyumbani. Sina ugomvi na sabuni. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, imewafundisha watu wengi kutengeneza bidhaa, na wapo wanaosomesha watoto kwa sabuni. Lakini kukoroga sabuni ni ufundi. Ujasiriamali ni maswali yanayotangulia ndoo: nani atanunua, leo ananunua wapi, kwa shilingi ngapi, na kwa nini amwache yule aje kwangu? Wanafunzi wako 145 hawakuulizwa hayo. Wangeulizwa, wangekwambia siku hiyohiyo kwamba jirani yao fulani anatengeneza sabuni, na kwamba duka la njia panda linauza ya kiwandani kwenye chupa yenye mfuniko mzuri.

Kesho ingia darasani na dumu moja la hiyo sabuni iliyojitenga, uliweke mezani. Andika ubaoni: mkufunzi 60,000, malighafi 38,000, jumla 98,000. Gawanya kwa lita 40. Kila lita imewagharimu 2,450, nanyi mmeiuza 1,500. Waache wakae na hesabu hiyo kidogo. Halafu waulize: tungeuza lita zote 40, tungepata ngapi? Ni 60,000. Kwa hiyo hata wateja wangepanga foleni getini, pengo la 38,000 lingekuwa palepale. Nina hakika mtoto mmoja atanyoosha kidole aseme, "Mwalimu, yule mkufunzi tumemlipa mara moja tu, safari ijayo hatumlipi." Huyo mpigieni makofi. Malighafi peke yake ni 950 kwa lita, kwa hiyo kila lita ingebakiza 550, na sasa waulize: tuuze lita ngapi ndipo ile 60,000 irudi? Wagawanye wenyewe. Watapata lita 109 na ushei. Darasa lililofanya hesabu hiyo kwa sabuni yake lenyewe litajua tofauti ya gharama ya mara moja na gharama ya kila siku, na siku ya mtihani litaiandika kwa Kiingereza kwa sababu limekwisha kuielewa kwa Kiswahili.

Baada ya hapo, wiki mbili nzima msishike fedha. Wapeleke wakahesabu. Uko Muheza, kwenye machungwa. Wagawe wawili wawili, waende stendi baada ya masomo na gulioni Jumamosi, wakiwa na daftari na kalamu tu. Wahesabu basi limesimama dakika ngapi, abiria wangapi wamenunua, wamenunua nini, wametoa noti gani, nani amekosa chenji akaondoka na hela yake. Wamsikilize mama anayeuza machungwa dirishani. Yeye anajua kwamba abiria hana kisu, kwa hiyo lililomenywa linaondoka na lenye ganda linabaki. Wamsalimie vizuri, wamuulize kwa Kiswahili au kwa Kisambaa au Kibondei chake, na wasimzibie wateja.

Mwaka 2009 niliwatuma wavulana wawili wa kidato cha tatu kwenye gulio namna hiyo. Walirudi na karatasi ina michirizi ya jasho. Waliandika: "Wanawake wanaouza mboga wamefika saa 11 alfajiri. Mpaka saa 5 hakuna aliyekunywa chai. Mama wa chai yuko stendi. Wanaogopa kuacha mboga." Mistari minne tu. Jumamosi iliyofuata waliazima chupa mbili za chai nyumbani, wakapita kwenye mafungu ya mboga na vikombe kwenye ndoo ya maji ya moto. Hawakuuza kitu kipya hata kidogo, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Walichofanya ni kuipeleka pale watu waliposhindwa kuondoka. Wakati ule sikuwa na fedha ya kumpa mkufunzi yeyote, na nashukuru, maana pengine tungekoroga sabuni.

Sasa daftari. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo nilipoishia kuamini baada ya miaka 37 darasani.

Nilikuwa na msichana aliyeuza kashata za karanga. Mtoto mchangamfu, mikono safi, kashata zake zilikatwa kwa rula. Akaniambia anapata faida ya 2,000 kila sinia. Nikamwambia tukae tuandike. Karanga kilo moja 4,000, sukari kilo moja 3,000, jumla 7,000. Anakata vipande 90, anauza 100 kila kimoja, anapata 9,000. Faida 2,000, kweli. Nikamuuliza, umepikia nini? "Mkaa." Umeununua? "Ni wa mama." Tukauliza bei ya mkaa wa kiasi kile pale jirani, 1,000. Iliki? Ya mama pia, 300. Vifuko vya kufungia, 500, alivisahau kwa sababu alinunua wiki iliyopita. Kisha nikamuuliza vipande vyote 90 vimeuzwa? Alikaa kimya. Vitano aliwaonjesha rafiki zake, viwili alikula mwenyewe, vitatu vilivunjika. Vimeuzwa 80, ni shilingi 8,000. Matumizi yamefika 8,800. Alikuwa anapata hasara ya 800 kila sinia, na mama yake ndiye aliyekuwa akiilipa bila kujua, kutoka kwenye gunia la mkaa.

Alilia. Nilimwacha alie kidogo, halafu tukageuza ukurasa. Wiki iliyofuata alikuja na wazo lake mwenyewe: akate vipande vikubwa zaidi, 50 kwa sinia, auze 200 kila kimoja, kwa sababu alikuwa amegundua wateja wengi walinunua viwili viwili. Shilingi 10,000 kwa sinia. Mkaa akaanza kumlipa mama yake, na mama mtu alikuja shuleni kuniuliza ni nini kimempata mwanawe.

Kila kundi lako liwe na daftari moja lenye safu hizi: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichotumika bila kulipiwa, kilichobaki au kuharibika. Zile safu mbili za mwisho vitabu vingi havina. Wewe zichore kwa rula. Nguvu za mama, mkaa wa nyumbani, maji yaliyotekwa na mdogo wake, baiskeli ya kaka, vyote viandikwe na bei yake hata kama hakuna aliyelipa.

Kuhusu mtaji, usichangishe. Elimu ya sekondari ya chini ni bila ada tangu 2016 na michango ina utaratibu wake. Ukimwambia mtoto alete 2,000 za mradi, yupo atakayekaa nyumbani siku tatu kwa aibu. Fanya mtaji uwe kama kijiti cha mbio za kupokezana. Wanafunzi 74 ni makundi 12. Makundi mawili yanaanza, kila moja 10,000, wiki mbili, kisha yanapokeza mawili yanayofuata. Wiki 12 wote wamepita. Kwa mikondo yote miwili unahitaji 40,000, pungufu ya uliyompa mkufunzi, na tena hii inazunguka. Kundi likirudisha 7,300, lisimame mbele na daftari, lieleze 2,700 imekwenda wapi, na kundi linalofuata lianze na 7,300 hiyohiyo. Usiliongezee. Utaona wenyewe watakavyokagua daftari la wenzao kabla ya kupokea. Na likipata ziada, mtaji unaendelea na ziada ni ya kundi. Wakinunua kalamu sawa, wakinunua soda sawa.

Mkuu wako usimkasirikie. Anaogopa mambo ya kweli: fedha ipotee, mtoto agongwe na pikipiki akiuza barabarani, watu waharishe kwa chakula cha wanafunzi, mzazi aende kulalamika kwa ofisa elimu. Mwandikie ukurasa mmoja. Siku gani, saa ngapi, wapi, wanauza nini, maji yamechemshwa na nani, anayeandika si anayeshika fedha, na kila Ijumaa hesabu inasomwa mstarini mbele ya shule nzima. Hilo la mwisho ndilo litakalomlainisha.

Ndilo pia ninalokuomba usiliache kamwe. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi miaka ya sabini, tulilima shamba la shule. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967, na Mwalimu Nyerere aliandika kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba lao. Sisi tulishiriki kwenye jembe. Tulivuna mahindi, magunia yakapakiwa, trekta likaondoka, basi. Hakuna aliyetuambia yaliuzwa ngapi. Tulijifunza kwamba kazi ni adhabu na fedha ni siri ya wakubwa, na watu wa rika langu wengi bado wanaamini hivyo.

Nami nikiwa mwalimu niliangukia shimo jirani. Mwaka 1994 nilianzisha duka la shule. Wanafunzi 125 walitoa hisa ya shilingi 200 kila mmoja, mtaji 25,000: madaftari, sabuni za kipande, sukari, biskuti. Miezi minne lilikwenda vizuri. Halafu walimu wenzangu wakaanza kuchukua kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Mwanafunzi muuzaji aliandika, na mwisho wa mwezi ulifika ukapita. Mwanafunzi gani atamfuata mwalimu wake wa Hisabati amwambie, "Mwalimu, naomba hela ya sukari"? Nilipoomba daftari, madeni ya walimu yalikuwa 19,450. Rafu zilikuwa tupu. Nilizunguka ofisini nikiomba, wengine walilipa, wengine waliacha kunisalimia. Zilizobaki nilizitoa kwenye mshahara wangu miezi mitatu ili watoto warudishiwe hisa zao. Kwa hiyo kwenye ule ukurasa wa mkuu ongeza mstari huu na utie saini wewe wa kwanza: mwalimu hakopi kwa wanafunzi.

Na sabuni ya stoo, wape watoto waifanyie uamuzi. Pengine wataikoroga upya na kuwauzia mama ntilie kwa kipimo cha kikombe, pengine watasafishia vyoo vya shule na kuiandika hasara. Uamuzi wowote ni wao, mradi uingie daftarini. Niandikie tena muhula ukiisha.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni mkoani Morogoro. Wazazi wa darasa lake tulikubali kutoa 10,000 kila mmoja kwa mradi wa kuku wa nyama, tuliambiwa watoto wajifunze ujasiriamali. Vifaranga 200 vililetwa. Baada ya wiki sita tukaambiwa kuku wamekufa, mradi umekwisha. Hakuna karatasi wala maelezo. Nikiuliza naonekana mama mkorofi. Je, ni haki?
*Mama wa binti, Kilosa*

JIBU: Habari ni njema, dada. Si haki, na kuuliza hesabu si ukorofi.

Anza na binti yako, akija likizo, mkiwa jikoni, bila hasira. Muulize: vifaranga vilikula mifuko mingapi ya chakula? Vilichanjwa siku gani? Wa kwanza alikufa lini, na siku hiyo walikufa wangapi? Kuku wa nyama akitunzwa anafika sokoni wiki ya tano au ya sita, na katika wiki hizo anapata chanjo ya kideri, ambayo wengine wanaiita mdondo, na ya gumboro. Kwa kawaida kideri ni siku ya 7 na kurudia siku ya 21, gumboro katikati, siku ya 14. Mtoto aliyefundishwa kwa mradi huo atakujibu bila kufikiri, kwa sababu alikuwepo alfajiri akibeba maji ya chanjo. Kama hajui lolote, basi hata kuku wangepona wote 200, hakufundishwa. Alichangishwa tu.

Kisha andika barua fupi kwa mkuu wa shule, nakala kwa mwenyekiti wa bodi, na watie saini wazazi watatu au wanne ili isiwe sauti yako peke yako. Msidai fedha kwanza. Ombeni taarifa ya mapato na matumizi: fedha zilizopokelewa, bei ya kifaranga, chakula, chanjo, pumba za sakafuni, mkaa au umeme wa joto, vifo kwa tarehe. Vifaranga hufa. Joto likipungua usiku mmoja wanarundikana kona moja na kukanyagana, asubuhi unaokota hamsini. Mfugaji yeyote wa Morogoro atakwambia amewahi kuokota. Kufiwa na kuku si kosa la mtu, na darasa lililoona vifo hivyo, likahesabu, likachimba shimo na kuzika, likaandika sababu, limepata somo zito kuliko darasa lililouza kuku wote. Kinachonichoma katika barua yako ni watoto kunyimwa hata hasara yao.

Mkikuta fedha ilikwenda kusikojulikana, ofisi ya ofisa elimu sekondari ya halmashauri iko wazi. Lakini naomba muanze na barua ya heshima. Mara nyingi nimeona mwalimu aliyezidiwa na mradi, hana mafunzo ya kuku, akaona aibu kusema, akanyamaza.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 16, kidato cha tatu, Mbagala. Nauza ubuyu na visheti shuleni kwa siri, kwa siku napata mpaka 7,000. Wiki iliyopita mwalimu wa nidhamu alinikamata, akachukua mzigo wote na kunipa adhabu. Kaka yangu ana digrii yuko nyumbani mwaka wa tatu. Mimi nataka kuacha shule nifanye biashara kabisa. Unanishauri nini?
*Muuzaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kijana anayeuza mpaka 7,000 kwa siku akiwa bado anasoma ana kitu, na sitakuambia vingine. Na kaka yako asiitwe mfano mbaya, hajakosea kusoma.

Hiyo 7,000 ni mauzo au faida? Soma nilichomwandikia mwalimu wa Muheza hapo juu kuhusu kashata, ufanye hivyo wiki mbili. Weka nauli ya kwenda kununua mzigo. Weka visheti vya mama kama mama ndiye anayekaanga, na mafuta yake. Weka ule mzigo uliochukuliwa, maana nao ni hasara ya biashara yako na ulijua unaweza kuupoteza. Weka pia kwamba unakula na kulala bure. Ukimaliza utajua unapata ngapi hasa, na namba hiyo ndiyo uitumie kuamua, si ile ya 7,000.

Nina jirani, mama mchapakazi, anauza vitenge. Mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu. Alisaini 100,000, wakakata 5,000 ya fomu, mkononi akapata 95,000. Anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Aliniambia, "Mwalimu, 5,000 ni kidogo, naimudu." Nikachukua kalamu: mara 26 ni 130,000. Kwa 95,000 alizoshika analipa 35,000 juu yake, karibu asilimia 37, kabla mwezi haujaisha. Alishika mdomo. Anajua kuuza kuliko mimi mara kumi, anajua kitenge kitakachotoka na kitakachokaa, lakini ile karatasi aliyosaini hakuweza kuisoma mpaka mwisho, na asilimia alizikimbia darasani. Alipoteza meza yake ya sokoni kwa mkopo wa pili, aliouchukua kulipa wa kwanza. Asilimia, mikataba, namna ya kusoma karatasi kabla ya saini, hivyo uko navyo darasani sasa hivi na huvilipii ada. Umebakiza mwaka mmoja na kitu. Kaa.

Kuuza kwa siri acha. Mwalimu wa nidhamu alikuwa na sheria mkononi na wewe ulikuwa na mfuko chini ya dawati wakati wa kipindi. Mwendee mwalimu wa Elimu ya Biashara na daftari lako la wiki mbili, si maneno matupu, umuombe akusaidie uuze baada ya masomo na Jumamosi, nje ya geti. Mwalimu akiona daftari lililoandikwa vizuri na mwanafunzi bila kuamriwa, nakuambia kwa uzoefu, atakaa upande wako.

SWALI: Mwalimu, tunataka mradi mmoja wa darasa utakaoanza na kuisha ndani ya muhula. Tuko Dodoma. Wengine wanasema miche ya matunda, wengine kuku, wengine mboga. Tuchague upi?
*Walimu wawili, Dodoma*

JIBU: Mboga, na katika mboga, mchicha. Unavunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusia mbegu, kwa hiyo muhula mmoja unawapa mizunguko mitatu. Wa kwanza mtakosea, wa pili mtarekebisha, wa tatu ndio wa kulinganisha hesabu. Kuku wa nyama ni wiki tano hadi sita lakini mtaji wake ni mkubwa kwa darasa. Miche ya matunda ya kubebesha, yaani ya kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, ni kazi nzuri sana, ila waliopanda watakuwa wameshahama kidato kabla ya kuuza.

Kabla ya kusia, watoto waende sokoni wahesabu mafungu na bei asubuhi na jioni, siku tatu tofauti. Mkianza Julai mtakuwa kiangazi, bei huwa ya kuridhisha kwa sababu wengi hawana maji. Nanyi pia maji yatakuwa shida. Chagueni matuta manne tu, karibu na bomba au kisima, na kila asubuhi mwandishi wa zamu ahesabu madumu yaliyomwagwa. Hata kama maji ni ya shule na hakuna anayewadai, ulizeni mtaani dumu la lita 20 linauzwa ngapi wiki hiyo, na bei hiyo muiweke kwenye safu ya vilivyotumika bila kulipiwa, kuanzia dumu la kwanza.